Wapiga Lipu Waje Nyumba ya Sita

Baba yangu alizaliwa Sakania, akafanya kazi ya reli maisha yake yote. Mama yangu alizaliwa kaskazini, upande wa Moba, akaletwa Lubumbashi kuolewa. Hawakunipeleka shule. Andika hivyo, mjukuu wangu, wala usilainishe. Uashi nilijifunza kwa kupigwa, na baada ya miaka mingi nikawa kapita, msimamizi wa waashi wote wa shantie, pale panapojengwa. Cheo hicho ndicho kitu pekee nilichokitafuta mwenyewe.

Tulipewa nyumba kumi za sura moja, nyuma ya mtaa wa Makomeno. Waashi wangu walihitaji siku sita kwa kila nyumba; wapiga lipu, siku tatu. Injinia kijana aliyetoka chuo kikuu cha Kasapa alipanga kila nyumba peke yake, kana kwamba nyingine tisa hazipo: kuta zikiisha, lipu ianze kesho yake. Nilimweleza kwamba nyumba zikifanana hupangi nyumba, unapanga mwendo wa watu. Wenye mbio wachelewe kuanza; waingie tukiwa katikati ya nyumba ya sita, wapige zote kumi bila kusimama, watukute kwenye ile ya mwisho. Alitabasamu mbele ya waashi wangu, akaigonga kompyuta yake kwa kidole.

"Papa, ordinatere imekwisha kupanga. Weye haukusoma."

"Ordinatere haina tumbo," nilimjibu. "Bapiga lipu beko na tumbo."

Waashi walicheka, naye hakunisamehe. Wapiga lipu waliingia mapema kama alivyotaka, wakamaliza nyumba ya kwanza, kisha wakakaa siku tatu bila malipo juu ya ndoo zilizopinduliwa wakitutukana kuwa wavivu. Baada ya nyumba ya tatu walikwenda kutafuta kazi kwingine, wasirudi. Injinia akaamuru nasi tumalize nyumba kwa siku tatu. Nilikataa kupandisha ukuta juu ya saruji mbichi. Alinivua cheo cha kapita na kunifukuza kazi asubuhi ileile, mbele ya watu niliowafundisha kushika mwiko.

Mama yako huwaambia wageni kwamba nilistaafu. Ni uongo. Wewe nawe unasoma palepale Kasapa, na ninaona unavyoinamisha uso unapoandika haya. Vumilia. Katika daftari hili utatunza hesabu yangu ya zile nyumba kumi, pamoja na neno "nilifukuzwa". Ukilifuta, usikanyage tena mlangoni pangu.