Mama Mezabia wa Lewisham

Leo nimemmaliza mtu kwa jina lake mwenyewe.

Kanisani kwetu hapa Lewisham, ughaibuni, kuna dada Neema. Aliolewa na Mjerumani, akawa Bi. Schluckebier.

Siku moja akaniambia mbele za watu: "Kina Mapunda mmejaa Songea nzima. Jina langu mimi ni adimu, hata Ujerumani kwenyewe ni la kutafuta."

Sawa.

Nikaenda nyumbani, nikali-google. Nikanyamaza wiki mbili. (Nichambeni, nina roho mbaya.)

Leo baada ya ibada tukapata mgeni, bibi wa Kijerumani. Nikangoja Neema ashike kikombe chake cha chai, ndipo nikauliza kwa sauti, kwa Kiingereza: "Bibi, Schluckebier maana yake nini?"

Bibi wa watu akafurahi! "Ni la zamani sana hilo. Mtu wa kumeza bia, wa kubugia. Mlevi alibandikwa, watoto wake wakalirithi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Maana Neema ndiye anayetuongozea maombi ya walevi kila Ijumaa!

Nikamalizia: "Karibu chai, Mama Mezabia."

Hakukasirika. Akaweka kikombe chini, akaniambia taratibu:

"Dada, maana yake naijua. Ndiyo ninayoishi nayo nyumbani."

Hapo nikakumbuka kwamba mume wake hatujawahi kumwona.

Akachukua koti. Nikamfuata mbio niombe msamaha.

Mlangoni mama mmoja akaniwahi, anacheka, anampungia mkono:

"Kwaheri, Mama Mezabia!"