Sita na Moja

Mtanivumilia, wasomaji, kwa mwandiko wangu unaolala upande mmoja kama ngano iliyopigwa na mvua, na kwa maneno ambayo nitakuwa nimeyakosea herufi. Nilimaliza darasa la saba na sikuendelea. Naandika polepole, na nikifuta, karatasi hutoboka. Lakini habari hii nataka niiandike mwenyewe, kwa sababu inamhusu wifi yangu, na ndani yake kuna neno moja ambalo yeye hawezi kulitamka.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Boma letu liko upande wa juu wa ziwa la Basotu, na kaka yangu alipata kazi kwenye karakana ya shamba la ngano la serikali. Wageni waliokuja kufundisha habari za mashine walileta mchezo wao wa mashua ndogo za tanga. Jumapili walishindana ziwani, pamoja na madereva na mafundi wetu waliopenda. Kila tanga lilikuwa na namba nyeusi pande zote mbili. Mashua zilizotengenezwa karakana zilipewa namba fupi. Zile zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika kwingine zilikuja na namba zao ndefu.

Mke wa mgeni mmoja ndiye aliyesimamia mchezo huo, nasi tulimwita Mama Mashindano. Alitaka mtu wa kuandika na mtu mwenye macho. Kaka akanitaja mimi kwa kuandika, na mke wake kwa macho. Wifi aliweza kumtambua ndama wa jirani akiwa kilima cha pili, na namba alijifunza kwenye elimu ya watu wazima. Mama yangu aliposikia kwamba tunakwenda kuandika namba za matanga, aliuliza, "Nani amekufa?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashua ilipovuka mstari kati ya boya na mti tuliousimika ufukweni, wifi alitaja namba, tarakimu moja moja, mimi nikaandika, na mtu wa tatu aligonga chuma cha plau kilichoning'inizwa, ili mwenye mashua ajue ameonekana. Wa kwanza alipata alama moja, wa pili mbili, na kuendelea. Asiyemaliza alipewa alama kupita wote. Mwisho wa msimu mwenye alama chache ndiye mshindi. Baba hakulikubali jambo hilo hata kidogo. "Yaani mwenye vingi ndiye maskini?" alisema. "Wageni hawa wangechunga wangekufa njaa."

Wifi alinitania sana. "Andika, kinyonga wewe, mashua zitaoza!" Lakini alisubiri kila mara hadi kalamu yangu isimame, ndipo akataja nyingine. Namshukuru kwa hilo. Shuleni hakuna aliyenisubiri. Nilikuwa naogopa hata kujibu "nipo" mwalimu alipoita majina.

Sasa niseme habari ya neno lile. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki majina ya wakwe zake, wazima wala waliofariki, wala neno linalofanana nayo. Jina la babu yetu, baba yake baba, linaanza sawasawa na namba inayofuata sita. Mimi naweza kuiandika, saba, kwa kuwa nimezaliwa bomani. Wifi hawezi. Saa saba kwake ni "saa ya kivuli kifupi." Sabasaba ni "sikukuu ya maonyesho." Darasa nililomaliza ni "lile la mwisho." Na saba ya kwenye tanga aliita "sita na moja." Nilizoea tangu siku ya kwanza, hata nikasahau kwamba si watu wote wanaelewa hivyo. Baba alimruhusu kuja ziwani kwa sharti moja tu, asije akaaibika mbele ya watu, au akaiaibisha nyumba.

Jumapili ya mwisho ya msimu mgonga chuma alikuwa amempeleka mtoto wake hospitali ya Haydom. Mama Mashindano akanipa mimi nyundo, na kalamu akampa karani wa ghala, kijana wa Katesh, mcheshi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Siku hiyo watu walijaa ufukweni. Baba naye alikuwepo, ameleta ng'ombe kunywa maji, amesimama na fimbo yake mahali ambapo matete yamekatwa.

Mashua zilikuja zimebanana. Wifi alitaja ya kwanza, nikagonga. Kisha akaita, "Tatu, sita na moja!" nikagonga. Akataja ya tatu, nikagonga. Halafu akaita, "Tatu, sita, moja!"

"Huyo nimeshamwandika, dada," karani alisema.

"Mwandike."

"Nimemwandika, nakwambia. Mara mbili za nini? Anaoa?"

Watu wakacheka, na mashua nyingine zilikuwa zimefika, ikabidi wifi aendelee. Mimi nilikuwa natazama chuma changu tu.

Matokeo yaliposomwa, mashua namba 361 ilikuwa ya pili, na namba 37 haikumaliza. Dereva wa kombaini aliyeendesha 37 alitoka majini suruali ikichuruzika.

"Sikumaliza? Nimepita hapa mbele ya pua zenu! Chuma changu nimekisikia!"

"Labda umesikia kengele ya ng'ombe," mtu mmoja akamjibu.

Mama Mashindano akamgeukia wifi. "Nani alikuwa wa pili? Sema tena, polepole."

"Tatu, sita na moja," wifi alisema.

"Mmesikia wenyewe," alisema karani, naye hakuwa na ubaya wowote. "Mia tatu sitini na moja."

"Basi huyu haoni!" dereva akapiga kelele. Alikwenda mbio, akalivuta tanga lake, akalitandaza mbele ya wifi. "Haya, soma! Soma hii hapa!"

Wifi aliitazama ile tatu na ile saba. Akavuta shuka lake begani, akainamisha macho. Baba, mkwe wake, alikuwa karibu kiasi cha kusikia kila kitu.

"Hajui kusoma!" mtu alisema nyuma. "Wamemweka mtu asiyejua namba!"

Wengine wakacheka. Mama Mashindano aliuliza tena, kwa upole, na huo upole ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilionekana na yeye ameanza kuamini. Wifi hakujibu. Nilijua hatajibu hata wangekaa pale hadi mvua. Kwa watu wale alikuwa mwongo au mjinga, na angefungua mdomo kujitetea, kwa baba angekuwa mwanamke asiye na adabu.

Baba akaniambia kwa lugha yetu, "Mwambie wifi yako turudi nyumbani." Hakusema kwa ukali. Lakini nilimjua baba. Turudi ilikuwa na maana kwamba wifi hatakuja tena.

Nikasema, "Ni thelathini na saba."

Hakuna aliyesikia. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeongea na kifua chake.

"Unasemaje, dada mdogo?" karani aliuliza.

"Saba!" Safari hii ilitoka kubwa mno, hata ng'ombe wakainua vichwa. "Sita na moja ni saba! Alisema tatu, saba! Hawezi kuitaja, inafanana na jina la babu. Mimi niligonga chuma, ilikuwa 37. Na 361 ilikuwa ya nne, wewe ulikataa kuiandika!"

Nikashika ule mti wa kumalizia. Karani alitazama karatasi yake, midomo ikicheza. "Sita na moja," alisema. "Sita. Na. Moja. Yaani mimi nimekosa kwa sababu ya 'na'!" Akajipiga kofi kwenye paji la uso.

Dereva alikunja tanga lake taratibu. "Shemeji," alimwambia wifi, ingawa hakuwa shemeji yake, "nisamehe. Hata mke wangu hamtaji baba yangu. Nilisahau adabu kwa ajili ya maji."

Baba akaniuliza, kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Kwa hiyo mashua ya baba yangu imekuwa ya pili?"

"Ndiyo, baba."

"Hakuwahi kupanda hata mtumbwi, mzee yule. Aliogopa viboko." Akacheka, meno yake yote yakaonekana, na ufukwe wote ukacheka pamoja naye. "Mwambie wifi yako akae amalize kazi yake. Msimu ukianza tena nitaleta ng'ombe mapema, nimwone mzee akishindana."

Nilimwambia, ingawa alikuwa amesikia mwenyewe. Wifi hakuinua macho hadi baba alipoondoka na ng'ombe. Ndipo akaninong'oneza, "Kinyonga, kumbe una koo!"

Mama Mashindano alitaka namba ya tanga lile ibadilishwe. Wifi alikataa, akasema hiyo ni mashua ya nyumbani. Sasa kila msimu anaitaja kama alivyoitaja siku ile, na kalamu imerudi kwangu. Karani akipita huuliza, "Leo kuna sita yenye 'na'?" Nawashukuru wote, Mama Mashindano aliyetuamini hata akatupa kazi, dereva aliyeomba radhi mbele za watu, baba aliyechagua kucheka. Wifi namshukuru kupita wote, kwa kuwa alinyamaza kwa ajili ya babu yangu, nami nikalazimika kusema.

Kama kwenu pia wake wana maneno wanayoyaruka, tafadhali niandikieni, mniambie husema nini badala yake. Nitamsomea wifi. Nitajibu kila barua, ila mnipe muda, naandika polepole.