Nyuzi Kumi za Baba Mkwe

Kwa miaka sita nilimfahamu baba mkwe wangu kwa masikio tu. Kwa mila ya kwetu Rungwe, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona njiani anachepuka migombani, na mzee akiwa sebuleni yeye anabaki jikoni. Wenzangu wengi wa rika langu wameiacha mila hiyo. Wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha. Baba mkwe wangu hakuiacha, nami sikutaka kuwa wa kwanza kumvunjia heshima nyumbani kwake. Basi kila Jumamosi tulipotoka Ibighi kwenda Lupepo kuwasalimia, mume wangu aliingia kwa mlango wa mbele, mimi nikazunguka nyuma ya nyumba hadi jikoni kwa mama mkwe.

Nilimjua mzee kwa gitaa lake. Si gitaa la kukumbatia kama langu ninalopigia kwaya kule Bulyaga. Hili linasimama kwa miguu minne kama meza, limelala chali, lina nyuzi kumi, na mpigaji hukaa nyuma yake kama fundi cherehani. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, na miguu inakanyaga pedali zinazovuta baadhi ya nyuzi hizo, sauti ikapanda taratibu huku bado inalia. Wageni wa kanisa walikuja nalo kutoka ng'ambo zamani, uzito wake ukawashinda wakati wa kurudi. Wakamwachia yeye, kwa sababu alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chai na ndiye pekee aliyetaka kujua lilivyokuwa likifanya kazi kwa ndani. Pale nyumbani wanaliita gitaa la meza.

Nilipompeleka mtoto wetu wa kwanza kuonyeshwa kwa babu na bibi, mzee alipiga tangu saa nane mchana hadi kiza kikaanza kuingia. Mama mkwe akaniambia, "Anakusalimia huyo." Nilikaa kwenye kigoda jikoni, mtoto kwenye titi, nikajiona nimepokelewa.

Ndiyo maana sauti ilipoanza kufifia niliiona mapema. Mwanzoni nyuzi nene zilikosa ule mlio wa kengele. Baadaye zote zikawa kama mtu anayeongea huku amejifunika blanketi. Mzee aliweka tuni, akapiga ubeti mmoja, akasimama, akaweka tuni tena. Kila wiki kupiga kulipungua na kuweka tuni kukaongezeka.

Jumamosi moja ya masika nilimkuta mama mkwe anamenya ndizi bila kuziangalia. Alinipa kisu cha pili, tukamenya wote kwa muda.

"Mwanangu, baba yako anaacha gitaa," akasema. "Jumapili ijayo wazee wa kanisa wanakuja kulichukua, likawekwe stoo."

"Kwa nini, mama?"

"Anasema masikio yake yamekufa. Akipiga anasikia matope. Ameumia fijo, sana kabisa, hata chakula hali."

Nilitaka kucheka, na nilikuwa karibu kulia. Masikio gani? Matope hayo nilikuwa nikiyasikia na mimi, na masikio yangu hayana hata miaka arobaini. Zilikuwa nyuzi. Kwa mvua ya Tukuyu na ukungu wake, za gitaa langu zinachoka kabla hata ya miezi miwili, na hizi za mzee hakuna aliyekumbuka zilifungwa lini.

"Mama, hizo ni nyuzi. Zimekufa."

"Hazijakatika. Yeye habadilishi uzi mpaka ukatike."

Nilimweleza mume wangu njiani tukirudi. Akaniambia, "Wewe hujawahi hata kumwona akipiga." Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniudhi. Yeye alikuwa amemwona maisha yake yote na hakusikia kitu.

Nyuzi za gitaa kama lile hazipatikani kwetu. Lakini mama mkwe alikuwa amehifadhi mbegu za maboga kwenye pakiti ya zamani ya nyuzi iliyokuja na gitaa, na juu yake uliandikwa unene wa kila uzi, kuanzia wa kwanza hadi wa kumi. Nikamwomba pakiti hiyo, nikaenda nayo Mbeya, nikachanganya seti tatu za gitaa la kawaida la umeme mpaka nikapata kumi zinazokaribiana na ile orodha. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kwenye pakiti, uzi mwembamba kuliko zote ulikuwa wa tatu. Nikajisemea kwamba waliochapa walikosea. Nimepiga gitaa tangu kidato cha pili, nani aniambie uzi mwembamba unakaa wapi?

Jumamosi iliyofuata mume wangu alikuwa na zamu kazini, nikaenda peke yangu. Mzee alikuwa ametoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia, na kwa kawaida harudi kabla ya saa nane. Mama mkwe akafungua mlango wa nyuma, akasimama dirishani kulinda. Mimi nikavua kandambili, nikazishika mkononi, nikaingia sebule ambayo sikuwahi kukanyaga.

Nilipitisha kitambaa juu ya nyuzi, kikatoka cheusi. Haikuwa kutu peke yake. Zilikuwa na oili ya mashine! Mzee wa watu, fundi wa miaka thelathini, alikuwa amefanya anachofanya fundi akiona chuma kinaanza kushika kutu. Oili ikanasa vumbi na moshi, vikashindiliana kwenye mikunjo ya nyuzi nene, na kila alipozidi kuzihudumia ndivyo alivyozidi kuziziba.

Hapo nilikosea. Uzi hubadilishwa mmoja mmoja, wa zamani ukitoka mpya unaingia, ili usipoteze mpangilio wala tuni. Mimi nikazitoa zote kumi kwa mkupuo nipate kusafisha vizuri. Gitaa likabaki uchi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikaanza kufunga, nao ule mwembamba nikauweka wa kwanza. Nilikuwa nimefika uzi wa nne mama mkwe aliposema kwa sauti ya chini, "Anakuja. Yuko kwenye kona."

Kumbe gari la kubeba majani lilikwama kwenye matope, upimaji ukaahirishwa. Nilitoka mbio kwa mlango wa nyuma nikajificha jikoni, ambako ukuta wa mbao tu ndio unaotenganisha moshi wetu na dirisha la sebule. Mama mkwe akanifuata. Ndipo nilipoangalia miguu yangu. Kandambili zangu za kijani zilikuwa zimebaki chini ya gitaa.

Tulisikia mlango wa mbele, kisha hatua zikaishia penye gitaa. Niliogopa kweli. Mkamwana ameingia sebuleni kwa baba mkwe, ameshika kitu anachokipenda kuliko vyote, amekivua nyuzi zote na kukiacha. Kama mzee angesema nisikanyage tena Lupepo, nani angenitetea?

"Mama," mzee aliita kutoka dirishani. Anamwita mkewe hivyo. "Nani amefungua gitaa?"

"Mtoto wako," mama mkwe akajibu.

Nadhani hapo ndipo alipoziona kandambili.

"Mwambie hizi hazipangwi kama ngazi. Uzi mwembamba ni wa tatu."

Mama mkwe akanigeukia, hatua moja kutoka nilipokaa, akasema, "Anasema mwembamba ni wa tatu."

"Nimesikia, mama. Mwambie nimekosea. Pakiti ilisema, nikabisha."

"Anasema pakiti ilisema, akabisha."

Tukaendelea hivyo, kila neno likipita kwa mama mkwe ingawa ukuta ulikuwa na nafasi za kupitisha kidole. Mzee akaanza kuzifunga mwenyewe, nami nikamwambia azungushe vifungo vya kukazia taratibu, na asitie oili. Akauliza kwa nini asitie oili. Nikaeleza. Akauliza kwa nini abadilishe uzi ambao haujakatika. Hapo hasira zangu zikanitangulia.

"Mama, muulize, kule kiwandani mikanda ya mashine alikuwa akisubiri ikatike?"

Mama mkwe alinitazama. Hakurudia. Haikuhitajika, maana upande wa pili vifungo viliacha kulia. Nikaufunika mdomo wangu kwa kanga nikijuta.

Halafu mzee akacheka, kicheko kifupi cha puani, na kazi ikaendelea.

Baada ya kitambo kirefu cha kuweka tuni, akapiga uzi mmoja. Akaurudia. Akalaza chuma, akapiga nyuzi tatu pamoja, akakanyaga pedali, na sauti ikapanda safi mpaka mbao za jiko zikaitika. Akaacha ilie mpaka ikaisha yenyewe.

"Kumbe nasikia," akasema. Hakuwa akimwambia mtu.

Mama mkwe akakaa chini kwenye majani ya migomba na kujipangusa macho kwa kitenge. Mimi nilikuwa kama nimetua ndoo niliyoibeba wiki nzima. Mzee alipiga bila kusimama, nasi tukasahau chungu motoni, ndizi zikashika chini. Tulizikwangua tukala hivyohivyo.

Alipopumzika akauliza swali ambalo hata sasa watu wa kwaya huniuliza. "Mama, muulize, zibadilishwe kila baada ya muda gani?"

Nilimjibu nilivyojua. Wanaopiga jukwaani kila siku hubadilisha kila wiki mbili tatu. Kwa mtu wa nyumbani, miezi mitatu inatosha, ila masika asiifikishe. Uzi wa tatu, kwa kuwa ndio unaovutwa sana, autoe kila mwezi kabla haujamkatikia kanisani. Kila akimaliza apanguse kwa kitambaa kikavu, afunike. Zaidi ya kalenda, aangalie dalili: tuni haikai, chuma kinakwaruza, na sauti imejifunika blanketi. Dalili zikija, alaumu nyuzi kwanza, masikio baadaye.

Wazee wa kanisa walikuja Jumapili kama walivyoahidi. Nimeambiwa walikunywa chai, wakasikiliza, wakaondoka na mkungu wa ndizi badala ya gitaa. Siku hizi, nyuzi zikichoka, nakuta uzi wa tatu wa zamani umeviringishwa na kutundikwa msumarini kwenye mlango wa jiko, nami Jumamosi inayofuata naja na mpya. Bado sijawahi kukaa naye meza moja.

Lakini jioni ile ya kubadilisha nyuzi, nilipotaka kuondoka, nilikumbuka niko pekupeku. Mama mkwe hakuwa ametoka jikoni tangu mzee arudi, wala hapakuwa na mtu mwingine pale nyumbani. Nilifungua mlango wa jiko nikazikuta kandambili zangu kizingitini, zimefutwa matope, zimepangwa pamoja, zimeelekezwa njiani tayari kuvaliwa.