Jicho la Milembe

Tangu ahamie Ilemba na ng'ombe wa marehemu mumewe, miaka ishirini sasa, Milembe hakuwahi kugombana na mtu. Watoto wa majirani wangapi aliwaogesha walipozaliwa! Basi mwanawe Limbu alipopata mtoto wa kwanza, nani angemwogesha kama si bibi yake? Kila asubuhi alikwenda na kipande cha sabuni, akamkanda kichanga kwa maji ya vuguvugu, na furaha yake yote ya uzeeni ilikuwa hiyo.

Kisha kikaja kikohozi. Vumbi la kupepeta mpunga lilimkaba wiki nzima, akakohoa hadi mbavu zikauma. Asubuhi moja alipoinama kwenye beseni, Angela, mkewe Limbu, akashtuka. Jicho la kushoto la mama mkwe lilikuwa limevilia damu.

"Mama, leo pumzika. Nitamwogesha mwenyewe."

Milembe alielewa sababu. Kijijini hapo mwanamke mzee akiwa na jicho jekundu huitwa mchawi kabla hajafungua mdomo. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi wenye mapanga; Milembe alishamzika shoga yake kwa upuuzi huo huo.

Akaenda zahanati kwa miguu. Muuguzi, Lydia, akampima presha na kummulika jichoni.

"Bibi, ni kamshipa kadogo kamepasuka. Ni hicho kikohozi. Wengine huwapata kwa kupiga chafya, kwa kubeba mzigo mzito, kwa kufikicha jicho, au presha ikipanda. Yako iko sawa. Wiki mbili tu, litakuwa jeupe."

"Niandikie, mwanangu."

Limbu aliisoma karatasi ya muuguzi mara mbili, akainamisha kichwa.

"Nimeelewa, mama. Ila Angela anaogopa."

Hakusema kama yeye haogopi, na hilo ndilo lililomuumiza Milembe.

Jicho likageuka manjano, kisha likatakata. Siku ya kumi na sita alijitazama kwenye kioo, akacheka peke yake, akachukua sabuni mpya na kwenda hima kwa mwanawe.

Angela alimpokea mlangoni. Akamkagua jicho la kushoto, kisha la kulia.

"Limepona, mama. Mungu ashukuriwe."

"Haya, niletee mjukuu wangu."

"Amelala, mama."

Ndani mtoto alikuwa akilia. Wote wawili walimsikia. Milembe akaiweka sabuni kizingitini, akarudi kwake.