Kijiti Kilichogoma Kuvunjika

Kwa miaka kumi na tisa Fundi Tanuri alitengeneza chuma, na kwa miaka hiyo hiyo mke wake alikivunja. Si kwa ugomvi. Ndiyo kazi waliyoajiriwa kuifanya. Mume alikuwa kwenye tanuri, mwisho wa karakana. Mke, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Vipande, alikuwa kwenye chumba cha vipimo na nyundo moja nzito inayobembea. Kila chuma kilichotoka motoni kilikatwa vijiti vya urefu wa kidole, vikatiwa alama katikati, nyundo ikaachiwa. Ta! Vipande viwili ndani ya bahasha, bahasha kwa meneja.

Nyumbani waliongea yote isipokuwa hilo. Lakini mke wake akirudi anaimba, Fundi alijua kijiti chake kimevunjika kama kigae, na sahani aliisukuma kando. Hakutaka cheo wala sifa. Alitaka siku moja tu huyu mwanamke ashindwe.

Siku hiyo ilikuja na chuma cha kulabu za kreni, ile inayopitisha mizigo juu ya vichwa vya watu, cha Mama Vipande kikiwemo. Fundi alikichoma kikawa chekundu, akakizamisha kwenye mafuta kikawa kigumu. Na kwa kuwa ugumu mtupu ni udhaifu uliovaa suti, akakirudisha kwenye moto wa wastani na kukilea saa mbili bila hata kwenda msalani.

Nyundo ilishuka, Fundi akichungulia mlangoni. Du! Ikasimama. Kijiti kilikuwa kimejikunja kama mtu anayeumwa tumbo, lakini kizima.

Meneja akaja na fomu. "Vipande viko wapi?"

"Hakijavunjika, bosi," alisema Mama Vipande.

"Basi hakijapimwa. Fomu inataka vipande viwili. Fundi, choma kingine, hiki kibovu."

"Kibovu kwa sababu hakivunjiki?" aliuliza Fundi.

"Usinifundishe kazi! Nisipopata vipande leo, chuma chote ni chakavu."

Fundi alirudi kwenye tanuri amenywea. Kukiharibu kulikuwa rahisi mno: aruke tu moto wa pili. Kingevunjika vizuri, kulabu zingepita, kisha zingening'inia juu ya kichwa cha mke wake. Akazima tanuri, akakaa chini.

Saa ya kutoka, meneja alipita akipunga bahasha. "Si nilisema kitavunjika? Chuma kimepita!"

Fundi alikimbilia chumba cha vipimo. Mama Vipande alikuwa ameketi sakafuni na msumeno wa chuma mapajani, viganja vimejaa malengelenge.

"Kukata kijiti chako vipande viwili kumenimalizia misumeno minne na mchana mzima," alisema.

"Na nyundo?"

"Nyundo imeshindwa, baba. Na mimi pia. Haya, umefurahi?"

Fundi alivishika vile viganja, akalia mbele yake bila aibu. Na njia nzima ya kurudi nyumbani, aliyeimba alikuwa yeye.