Skafu Isiyokuwa na Ndani

Sisi tuliokulia Mbozi siku zile tuliijua baridi ya Juni kwa shingo kwanza. Miguu ilikwisha kuzoea umande, lakini shingo haikuzoea. Sweta lilikuwa vazi la mwalimu na mwinjilisti. Mtoto alikwenda shule na shati moja na kiazi kitamu kilichotoka majivuni, akikihamisha mkono huu na huu. Mpaka mlangoni mwa darasa kilikuwa moto wa vidole. Baada ya hapo kilikuwa chakula. Na ule ukungu! Tukicheza kombolela, aliyejificha hakuhitaji kichaka. Alipiga hatua kumi tu akatoweka. Mara nyingine tulimwita mwenzetu arudi, akaitikia kutoka upande ambao hakwenda. Tulicheka sana. Sasa nikikumbuka, sicheki.

Wasichana wa leo wananunua sweta dukani Tunduma, kisha wanalifunga mabegani kwa mikono yake, vifua wazi, kana kwamba sweta ndilo linalosikia baridi. Nasema hivi nami sijafika miaka thelathini. Wadogo zangu wananiita bibi, na labda hawakosei.

Kufuma nilijifunza peke yangu. Kulikuwa na mabinti waliofundishwa misheni, lakini mimi sikuwa miongoni mwao. Nilipata soksi moja iliyotoboka, nikaifumua polepole, kitanzi kimoja kimoja, nikitazama kila kimoja kilivyomshika mwenzake kabla ya kumwachia. Kisha nikarudi nyuma njia ileile. Sindano zangu zilikuwa spoku mbili za baiskeli nilizozinoa kwenye jiwe. Nilikuwa na ugonjwa mmoja, na ninao bado: sikuweza kuvumilia kosa. Kitanzi kimoja kikidondoka, nilifumua mistari kumi, hata ikiwa hakuna macho ya kuliona kosa hilo isipokuwa yangu. Mama alisema, "Sekela, wewe utazeeka hujamaliza kitu." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Baba alikuwa amekwenda migodi ya shaba, ng'ambo ya Tunduma. Mwaka wa kwanza aliandika. Wa pili aliandika mara moja. Wa tatu, badala ya barua, alikuja mtu wa ukoo wetu akirudi kutoka huko, akatuletea sweta la baba, la kijivu, lililokunjwa vizuri. Alisema alilikuta chumbani kwake. Mwenyewe hakuonekana, na wenzake walikuwa wamechoka kuuliza.

Mama alilitundika kwenye kijiti cha ukutani. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuwa ngumu. Jioni mikono ya lile sweta ilining'inia sawasawa. Asubuhi mmoja ulikuwa umekunjika kiwikoni, kama wa mtu anayejikuna. Mama alisema ni upepo. Bibi, mama yake baba, alikaa kitako akilitazama, mwisho akasema, "Nguo yenye mikono haitundikwi bila mwenyewe. Mpe Sekela aifumue, atoe kitu kisicho na mikono."

Ndivyo nilivyofuma skafu ya mviringo, ile isiyo na ncha, ya kupitisha kichwani. Uzi ulitoka umejikunja vijikunjo, na hata nilipoufua na kuuning'iniza na jiwe, ulikauka ukiwa umejikunja vilevile. Ulinuka tumbaku yake. Kila mstari niliohesabu ulikuwa na vitanzi arobaini.

Sasa niseme jambo ambalo vijana hawalijui. Kwetu, nguo ya mtu aliye safarini mtoto wake huivaa sawa, ili njia imjue. Nguo ya mtu aliyekufa huivaa ndani nje siku ya kuanza matanga, ili marehemu asiitambue akaifuata. Ukikosea kwa aliye hai, umempoteza. Ukikosea kwa aliyekufa, umemwita. Kwa hiyo kabla mimi sijaivaa skafu ile, wakubwa walipaswa kukubaliana.

Bibi alitaka ndani nje. Hakuwa mkatili, alitaka kumlilia mwanawe, na hakuna anayeruhusiwa kumlilia mtu ambaye hajatangazwa kufa. Mama alitaka sawa. Nami nilijua kwa nini, kwa sababu nilimsikia akimwambia jirani mtoni: matanga yakikaliwa, yeye atarudi kwao Isongole, na sisi tutabaki, maana watoto ni wa ukoo.

Jumamosi watu walianza kufika kwa kikao cha ukoo, na mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko, skafu haijaungwa. Ilikuwa ukanda mrefu tu, upande wa nje laini, wa ndani wenye vinundu. Moshi ukiniingia machoni, nikakutanisha ncha mbili, nikashona mishono kumi na miwili, nikafunga fundo. Kisha nikaona. Ukanda ulikuwa umejipinda. Penye mshono, ulaini ulikutana na vinundu. Nilipitisha kidole upande laini, nikizunguka, na bila kuvuka ukingo wowote kidole kikajikuta kwenye vinundu. Nikaendelea, kikarudi penye ulaini. Haikuwa na ndani. Haikuwa na nje.

Kufumua mishono kumi na miwili ni kazi ya muda wa kumenya viazi vitatu. Mimi niliyefumua mistari kumi kwa kitanzi kimoja, niliitazama, nikaiweka mapajani, nikaiacha.

Barazani walikuwa wamekwisha kuanza.

"Mama Sekela, huu mwaka wa tatu," alisema bibi.

"Barua hupotea, mama."

"Moja hupotea. Zote?"

Baba mdogo akajaribu kutuliza mambo. "Huenda kaka amepata mke wa Kibemba huko, anapikiwa vizuri, kanenepa, haoni kalamu."

"Hata akiwa nao wanne, shemeji," mama akajibu, "wanne hawapikii maiti." Watu wakacheka, hata bibi kidogo. Kisha bibi akaniita.

"Leta. Igeuze ndani nje."

Nikaigeuza.

"Nimesema igeuze, mtoto."

"Nimegeuza, bibi."

Alininyang'anya. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe, lakini vilijua nguo. Vikazunguka mara moja, polepole. Vikazunguka mara ya pili. Ukungu ulikuwa umefika barazani. Aliiweka mkekani kama anavyoweka mtu chungu cha moto.

"Nani amekufundisha kufuma hivi?"

"Hakuna, bibi."

Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililomaliza kila kitu. Baba mdogo hakutania tena. Bibi alijifunika kanga usoni, akasema kwa sauti ndogo, "Basi mwanangu mwenyewe amekataa kusema yuko wapi." Watu walikula kande wakaondoka bila kulia. Mama hakurudi Isongole. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mwizi.

Nikavaa skafu ile miaka mingi. Ilinipa joto, ila daima upande mmoja wa shingo ulibaki baridi, na nikiizungusha baridi ilibaki palepale. Asubuhi zenye ukungu, njiani, watu walianza kuniuliza. Mama mmoja muuza maharage wa kijiji cha Ruanda alisema, "Yule uliyekuja naye mbona amesimama kule? Mwambie asogee." Mwaka uliofuata mzee wa kanisa alinyoosha mkono kusalimia mtu nyuma ya bega langu, akaurudisha taratibu. Mimi sikuwahi kumwona. Niligeuka kila mara, na kila mara palikuwa na ukungu tu.

Bibi alikufa hajamlilia mwanawe. Seremala mmoja mjane, mtu mpole, alimposa mama; mama akajibu, "Nina mume." Alimpakulia baba chakula kila jioni, akakifunika, asubuhi akakipasha moto akala mwenyewe. Nilimwona akizeeka kwenye kosa langu.

Juni hii nilimwambia. Alikuwa anapepeta ulezi. Nilisema yote, mishono kumi na miwili, moshi, na kwamba niliona. Hakuacha kupepeta.

"Kwa nini hukufumua?"

"Ningekupoteza, mama."

Akaweka ungo chini. "Lete wembe."

Alikata mshono mwenyewe. Kisha akanipa niunganishe, na safari hii nilinyoosha ukanda juu ya meza mchana kweupe, nikaukagua mara nne, mpaka akasema inatosha. Aliichukua. Aliutazama upande laini, akautazama upande wa vinundu, muda mrefu, kama anayesoma barua. Kisha akaigeuza vinundu vikawa nje, akaipitisha kichwani pake. Hakuniuliza maoni yangu wala ya ukoo.

Ilikuwa Jumapili. Tulitembea kwenda kanisani, yeye mbele. Akina mama wa rika lake walipomwona walishuka kando ya njia, wakatua mizigo, wakafunika vichwa. Mmoja wao alianza kulia kwa niaba yake. Zamani zetu ilikuwa hivyo: mtu aliitazama shingo ya mwenzake akajua aseme nini, au anyamaze. Siku hizi tuna nguo nyingi na hazituambii kitu.

Wasichana wawili wa shule walitukuta kwenye kona. "Shikamoo, mama," mmoja alisema kwa upole, akizuia kicheko. "Skafu umevaa ndani nje."

"Marahaba, binti. Najua," mama alijibu, kisha akalia, kilio cha miaka kumi na sita, katikati ya njia.

Msichana yule alibaki amesimama, mkono mdomoni, akiomba radhi kwa kosa asilolijua. Nikamshika mkono, tukamfuata mama.