Mkono wa Kulia

Kwetu Masii, miaka ya tisini, watoto wengi hatukuwa na cheti cha kuzaliwa. Ili uingie darasa la kwanza, ulipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ukashika sikio la kushoto. Ukilifikia, umri umetosha. Kila Januari afisa wa kaunsili alikuja kuona ni watoto wangapi watahitaji nafasi, na mwalimu alitupima mbele yake.

Dada yangu alikuwa mkubwa kwangu, na alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili. Mkono wake wa kulia ulipooza akiwa mtoto mchanga. Ndiye aliyenifanyisha mazoezi: alivuta vidole vyangu kwa mkono wake mzima mpaka vikagusa sikio, kisha akanishangilia.

Siku ya kupimwa tulipanga mstari pamoja. Mimi nikagusa. Yeye akatumia mkono wa kushoto, ukalifikia sikio la kulia na kulipita.

“Tunataka wa kulia,” mwalimu akasema. “Huyu bado mdogo.”

Mdogo! Alinizidi kimo kwa kichwa kizima.

“Mwalimu, huyu ndiye mkubwa,” mama akasema.

“Mlete mwaka ujao, mama,” afisa akajibu, akamwita mtoto mwingine.

Mimi nilikimbilia darasani bila kugeuka nyuma.

Jioni dada alikuwa ananingoja njiani. Akanipokea mfuko, akaniuliza tumesoma nini.

Nikamwambia hatukusoma kitu, na a, e, i, o, u zote zilikuwa bado zimenijaa mdomoni.